Ukianza kusoma Domesday, anza na maswali ya mfalme

Wengi wanaoanza kusoma Kitabu cha Domesday hudhani wameshika sensa ya Uingereza ya mwaka 1086. Nami nilianza hivyo, na kosa hilo lilinigharimu miezi. Sensa huhesabu watu. Hiki ni kitabu cha majibu, na aliyeuliza ni mfalme aliyetaka kujua nani anashika ardhi ipi na ardhi hiyo inaweza kumpa nini.

Krismasi ya 1085 Mfalme William alikuwa Gloucester na wakuu wake, na hapo ndipo alipoagiza uchunguzi huu. Wajumbe wake walikwenda jimbo kwa jimbo wakiwaapisha watu, miongoni mwao kasisi, msimamizi na wanakijiji sita wa kila kijiji. Shamba linaitwaje? Nani alilishika enzi ya Mfalme Edward, kabla ya 1066, na nani sasa? Lina hida (kipimo cha ardhi) ngapi, plau ngapi, watu wa aina gani, msitu, malisho, vinu? Lilikuwa na thamani gani, na sasa je? Linaweza kutoa zaidi? Yaandike maswali haya uyabandike ukutani kabla hujafungua ukurasa wowote.

Sasa chukua Birmingham, jimbo la Warwick. Richard anashika hida 4 kutoka kwa William mwana wa Ansculf. Ardhi inatosha plau 6. Bwana ana plau 1. Wanakijiji 5 na wakulima wadogo 4 wana plau 2. Msitu upo. Thamani ilikuwa shilingi 20 na bado ni 20. Kwisha, mji mzima umeingia kwenye mistari michache.

Angalia plau: ardhi ya 6, zilizopo 3. Hilo ndilo jibu la swali la mwisho, na ofisa wa kodi angeliona mara moja. Angalia pia watu. Wale 9 ni wakuu wa kaya, kwa hiyo wake na watoto hawamo. Watafiti huzidisha kwa 4 au 5 kupata makisio. Hida nayo usiigeuze ekari. Vitabu husema ekari 120, lakini hapa ni kipimo cha kutoza kodi, na mashamba mawili yenye hida sawa yanaweza kutofautiana sana kwa ukubwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kondoo. Nililinganisha Norfolk na Warwick, nikaandika kwamba Warwick haikuwa na mifugo ya maana. Mwalimu wangu aliuliza swali moja tu: "Huko Warwick karani aliandika mifugo?" Hakuandika. Kitabu kina sehemu mbili: Norfolk, Suffolk na Essex zimo kwenye Domesday Ndogo, ambayo ilibaki na hesabu za kondoo, nguruwe na mbuzi wa mabwana. Domesday Kubwa, ambamo Warwick imo, ilifupishwa, na wanyama wakaachwa nje. Nilikuwa nimegeuza ukimya wa karani kuwa malisho matupu. Tangu hapo, nikikuta kitu hakipo, kwanza natafuta kama kiliulizwa na kama kiliandikwa. London yenyewe haimo, usiitafute.

Jambo jingine linalowapoteza wageni ni mpangilio. Ndani ya kila jimbo kitabu kinafuata mabwana, mfalme akitangulia, si vijiji. Kijiji kimoja kikigawanywa kwa mabwana watatu utakikuta sehemu tatu, na ukiishia ya kwanza umesoma theluthi ya habari.

Kilatini chake kimefupishwa mno, lakini vifupisho ni vilevile vinavyojirudia. Kimoja kijue leo hii: T.R.E., yaani enzi za Mfalme Edward, kabla ya 1066. Kipo mwishoni mwa habari ya Birmingham, mahali ambapo wanafunzi wengi huwa wamekwisha kunakili tarakimu na kufunua ukurasa. Pale imeandikwa kwamba Ulwinus aliishika ardhi hii kwa uhuru T.R.E. Rudi usome mstari huo. Huyo Ulwinus ndiye aliyekuwa mwenye ardhi kabla ya Richard.