Maswali na majibu: kukodi gari Málaga na kuzunguka Andalusia

Wasomaji kadhaa wanaojiandaa kwenda kusini mwa Hispania wametuandikia kuhusu magari ya kukodi. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine. Msimamo wetu tuuseme mapema: mjini Málaga gari ni mzigo, lakini bila gari vijiji vya milimani utaviona kwenye picha tu.

Mimi na mke wangu tutakaa Málaga siku saba. Tuchukue gari uwanja wa ndege mara tu tukitua? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, subirini. Treni ya C1 inawatoa uwanja wa ndege hadi katikati ya mji kwa dakika kama 12, na inapita kila baada ya dakika 20. Ngome ya Alcazaba, makumbusho ya Picasso, soko la Atarazanas na bandari vyote vinafikika kwa miguu. Gari la siku hizo litashinda kwenye maegesho ya chini ya ardhi, yanayofika euro 20 na zaidi kwa siku bila shida.

Tembeeni siku mbili tatu za mwanzo, kisha chukueni gari asubuhi ya kutoka mjini. Zipo kampuni zenye ofisi stesheni ya María Zambrano. Uwanja wa ndege una magari mengi zaidi na mara nyingi bei nafuu, na treni ileile itawarudisha huko. Kabla ya kulipia, someni ofisi iko wapi hasa: ndani ya jengo la abiria, au nje ya uwanja ambako mnafuatwa na basi dogo. Hiyo ya nje huwa nafuu, lakini wakati wa msimu ongezeni saa nzima ya kusubiri, kwenda na kurudi.

Siku ya kukodi huhesabiwa kwa saa 24. Mkichukua saa nne asubuhi mkarudisha saa sita mchana, kampuni nyingi zitawatoza siku nyingine nzima.

Leseni yangu ya Kenya inatosha? (Msomaji, Mombasa)

Nenda na leseni yako halisi pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hicho hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kishughulikie kabla ya kupanda ndege, Hispania hawatakupa. Kibali peke yake bila leseni ni karatasi tu. Wenye leseni za nchi za Umoja wa Ulaya hawakihitaji, na mgeni mwenye leseni ya Uingereza vilevile. Aliyeko Oman mwenye leseni ya Oman akichukue Oman.

Kinachowakwamisha wengi zaidi kaunta ni kadi. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya mume kwa dereva mke haikubaliki, hata mkiwa mmesimama wote wawili hapo. Kadi ya kawaida ya benki ama inakataliwa, ama inakubaliwa kwa sharti la kununua bima yao kubwa. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa fedha ya nchi yako, chagua euro, maana ile nyingine inakuja na kiwango kibaya cha kubadilisha fedha.

Nimelipia bima kamili kwenye tovuti nilikokodi, lakini nasikia kaunta watataka nilipe tena. Kwa nini? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu ni bima mbili tofauti. Bei ya kukodi kwa kawaida ina bima ya kampuni yenye kiwango ambacho wewe unabeba mwenyewe gari likiumia. Kwenye mkataba utakiona kimeandikwa *franquicia*. Mara nyingi ni kuanzia mamia ya euro hadi 1,000 na zaidi, na kiasi kama hicho huzuiwa kwenye kadi yako kama dhamana mpaka urudishe gari. Bima ya tovuti haiondoi kiwango hicho. Inakurudishia pesa baadaye, ukiwa umeshakatwa na kampuni na umewasilisha mkataba, ripoti ya uharibifu, picha na risiti. Ndiyo maana karani anasema kwamba yeye haitambui. Hakudanganyi, ila pia ana bima yake ya kuuza.

Chaguo ni lako. Bima ya kaunta ni ghali lakini inapunguza dhamana na usumbufu. Bima ya nje ni nafuu, ila hakikisha kadi ina nafasi ya dhamana yote. Kwa mwenye kadi yenye nafasi na uvumilivu wa kujaza fomu, sisi tunashauri ya nje. Yoyote utakayochukua, soma kama inagusa tairi, rimu, vioo, tumbo la gari na ufunguo. Bima nyingi za kawaida huacha hivyo nje, na hivyo ndivyo vinavyoumia kwenye barabara nyembamba za vijijini.

Kisha kagua gari kabla ya kuwasha injini. Maegesho ya uwanja wa ndege huwa na giza, na gari lililotoka kuoshwa likiwa na maji huficha mikwaruzo, kwa hiyo washa tochi ya simu. Piga video moja ndefu ukizunguka gari, ukianza na namba. Inama uone chini ya bampa la mbele, rimu zote nne, kingo za milango, kioo cha mbele na paa. Malizia kwa geji ya mafuta na kilomita. Mchoro wa gari kwenye mkataba ukiwa hauna alama uliyoiona, rudi kaunta waiongeze kabla hujatoka. Fanya vivyo hivyo unaporudisha, hasa ukitumbukiza ufunguo kwenye sanduku usiku ofisi ikiwa imefungwa, kwa kuwa gari linaweza kuhesabika liko mikononi mwako hadi walikague asubuhi.

Nimezoea kuendesha kushoto, tena otomatiki. Nitaweza? (Msomaji, Nairobi)

Utaweza, ila weka nafasi ya otomatiki mapema. Ni chache na ghali zaidi, na ukikosa utapewa gia za mkono. Kubadili upande wa barabara, usukani na mkono wa gia kwa wakati mmoja ni mengi mno kwa siku ya kwanza.

Hatari haiko kwenye barabara kuu, kwani pale magari mengine yanakuongoza. Iko pale unapotoka kituo cha mafuta au maegesho kwenye barabara tupu, kichwa kikarudi nyumbani na wewe ukaingia kushoto. Kila unapoanza upya kuondoka, jikumbushe kwa sauti: dereva awe upande wa katikati ya barabara.

Kwenye kipilefti mnazunguka kinyume na saa na unatazama kushoto kwako. Aliyeko ndani ana haki ya kupita. Hispania wana vipilefti vingi, na kanuni yao ni kutokea kwenye njia ya nje kabisa. Ukijikuta njia ya ndani na kutokea kwako kumefika, usikate mbele ya wengine, zunguka tena. Aliyetoka Marekani au Kanada aelewe pia kwamba taa nyekundu haimruhusu kukunja kulia.

Mwendo: kilomita 120 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbilimbili, 90 kwenye barabara za kawaida, na mjini 30 pale penye njia moja kila upande. Hiyo 30 ipo tangu Mei 2021 na inawanasa wageni wengi. Ukipita mwendesha baiskeli, mwachie mita 1.5 au zaidi. Penye njia mbili upande wako, hama njia kabisa. Milimani wamejaa, hasa Jumamosi na Jumapili asubuhi.

Tunataka Granada na Córdoba pia. Kweli kuna kamera zinazotoza faini ukiingia tu mjini? (Msomaji, Birmingham)

Kweli. Miji ya kale ina mitaa iliyofungwa kwa magari yasiyosajiliwa, na kamera husoma namba. Córdoba maeneo hayo huitwa ACIRE. Granada yako katikati na kwenye mitaa ya kale kama Albaicín. Hoteli yako ikiwa ndani ya eneo hilo, waandikie siku chache kabla, waulize waziwazi kama wanasajili magari ya wageni, na uwatumie namba mara tu utakapokabidhiwa gari. Hoteli isipothibitisha kwa maandishi, egesha nje ya eneo na uingie kwa teksi au miguu. Programu ya ramani haitakuonya kila mara.

Málaga nayo ina eneo la kupunguza hewa chafu tangu mwisho wa Novemba 2024, lakini gari jipya la kukodi kwa kawaida lina stika ya C au ECO kwenye kioo, inayoonyesha kwamba halichafui sana hewa, hivyo usihofu.

Faini ikija, huja kwa kampuni kwanza. Kampuni inakukata ada yake kwa kutoa tu jina lako kwa mamlaka, halafu faini yenyewe inafuata. Ukilipa ndani ya siku 20 tangu uarifiwe, faini nyingi hupungua nusu.

Kwa Alhambra, ile ngome ya kale ya Granada, usipite katikati ya mji hata kidogo. Toka kwenye barabara kuu ya A-44, shika A-395 inayoitwa Ronda Sur, ufuate vibao hadi maegesho ya Alhambra juu kilimani. Kutoka Málaga ni kilomita kama 125, saa moja na nusu. Tiketi ya majumba ya Wanasri, yaliyo ndani ya Alhambra, ina saa yake na ukichelewa huingii, hivyo jipe angalau saa moja ya ziada. Beba pasipoti.

Ronda twende kwa njia gani? Na Caminito del Rey siku hiyohiyo? (Msomaji, Minneapolis)

Siku hiyohiyo msijaribu, ingawa ramani inawaonyesha kwamba njia ni moja. Caminito, ile njia ya mbao iliyobandikwa kwenye ukuta wa korongo na kufunguliwa upya 2015, inatembewa kuelekea upande mmoja tu, kutoka Ardales kushuka hadi El Chorro. Gari linabaki upande mmoja na basi dogo linawarudisha. Ukijumlisha kutembea hadi langoni, kofia ngumu, matembezi yenyewe na basi, ni nusu siku nzuri. Watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi, na tiketi hununuliwa mapema sana.

Kwenda Ronda kuna njia mbili. Ya A-357 na A-367 kupitia Ardales ni kilomita kama 100 na kona zake ni za kawaida. Ya pili inafuata pwani hadi San Pedro de Alcántara kisha A-397, kilomita zisizopungua 45 za kona kwa kona. Nendeni kwa ya kwanza. Ya pili irudieni mchana tu, kama hakuna mtu anayetapika garini, na mkishuka tumieni gia ndogo. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulegea.

Ronda egesheni maegesho ya kulipia kabla ya mji wa kale, mtembee hadi Puente Nuevo, daraja la mwaka 1793 lenye kimo cha mita 98. Mkiendelea Setenil de las Bodegas, ambako nyumba zimeingia chini ya mwamba, acheni gari juu ya kijiji. Mitaa ya chini ni finyu kiasi cha kukunja vioo vya pembeni, na kurudi nyuma hapo watu wakipita ni adhabu. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri maduka mengi ya vijijini hufungwa, basi maji na chakula nunueni mapema.

Barabara za kulipia na mafuta? (Msomaji, Arusha)

AP-7 ya pwani na AP-46 ya kaskazini mwa Málaga ni za kulipia. Zote zina mbadala wa bure: A-7 na A-45. Kwenye vizuizi kwepa njia yenye alama ya T peke yake, ni ya wenye kifaa maalumu. Ingia yenye alama ya kadi au sarafu.

Mafuta angalia umbo la kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi: duara lenye E5 au E10 ni petroli, mraba wenye B7 ni dizeli. Ukikosea, usiwashe gari. Piga simu kampuni. Kabla ya kurudisha, jaza tangi karibu na uwanja na utunze risiti.

Nikipata pancha au ajali? (Msomaji, Bujumbura)

Vaa kizibao cha kung'aa kabla ya kushuka. Weka juu ya paa taa ya onyo ya V16, ambayo tangu Januari 2026 imechukua nafasi ya pembetatu kwa magari ya Hispania. Karani akuonyeshe ilipo kabla hujaondoka. Abiria wasimame nyuma ya reli za chuma, nje ya barabara. Magari mengi hayana tairi la akiba, yana pampu na dawa ya kuziba tu, na dawa haizibi tairi lililochanika ubavuni, kwa hiyo namba ya msaada ya kampuni iwe kwenye simu. Mtu akiumia, piga 112. Mkigongana, jazeni fomu ya pamoja ya ajali iliyo kwenye boksi la dashibodi. Usitie saini usichokielewa, na piga picha namba za magari yote kabla hayajasogezwa.

Jihadhari na mgeni anayekuashiria barabarani kwamba tairi limeisha upepo. Ni njia ya kale ya kumtoa dereva garini huku mwenzake akichukua begi kiti cha nyuma. Endelea polepole hadi kituo cha mafuta chenye watu ndipo ukague, na mabegi yawe kwenye buti tangu mnapoondoka hotelini, msiyahamishe mkiwa mmeshafika maegeshoni.