Shangazi, kutulia kwenyewe kunaniumiza

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina endometriosisi. Hedhi ikikaribia tu nabadilika: naogopa maumivu kabla hayajafika, namfokea mume wangu, kisha najifungia bafuni nalia. Daktari kanipa dawa za homoni, halafu akaniambia nijaribu pia mazoezi ya kutuliza akili, nifuate pumzi na kuusikiliza mwili. Nimeudhika. Kwani maumivu yangu ni ya kuwaza? Na nilipojaribu kulisikiliza tumbo, ndiyo kwanza likazidi.
Mama wa Mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Huwazi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba imeota pasipo pake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, na wengi waliambiwa wanadeka. Hasira zako nazielewa. Hakuna pumzi ya kuiondoa tishu hiyo. Anayekwambia ipo, mkimbie.

Daktari wako, nadhani, alilenga hofu ile inayotangulia. Ikikushika, meno yanabana, mabega yanapanda, nyonga inakaza. Misuli iliyokaza nayo huuma, basi unabeba maumivu juu ya maumivu. Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa mazoezi haya ya kutuliza akili, alipoanzisha mafunzo yake huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, miongoni mwa aliowapokea walikuwamo wenye maumivu sugu. Hakuwaambia wanajifanya.

Sasa hilo tumbo, liache kwanza! Anzia mbali nalo. Lala ubavu, weka mto katikati ya magoti, legeza taya. Sikia kisigino kinavyogusa shuka: kina joto? Kinakwaruzwa? Wazo la "kesho nitafanyaje" likija, liite kwa jina lake, hofu, kisha rudi kisiginoni. Dakika 5 zatosha. Anza siku ambazo huumwi, maana kuogelea hakufundishwi kwenye dhoruba. Ukiona kutulia kunakutia wasiwasi zaidi, fumbua macho, inuka, tembea, hujashindwa kitu.

Mumeo mwambie mapema, siku hofu inapoanza kunyemelea, asisubiri kufokewa ndipo ajue.

Dawa usiache. Huzuni ikibaki hata hedhi ikiisha, mwambie daktari. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Na ukirudi kliniki, uliza kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga, akuangalie hiyo misuli.