Mwimbaji Akiondoka, Nyimbo Zinabaki na Nani?

Msomaji wa Kondele ameuliza jambo linalosumbua bendi nyingi hapa Kisumu. Mwimbaji wao ameondoka baada ya miaka sita, na sasa anapakia mtandaoni, kwa jina lake peke yake, nyimbo walizozitunga pamoja. Ndugu yangu, hilo mngelimaliza siku wimbo wa kwanza ulipokamilika.

Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi. Utunzi ni wa waliobuni; rekodi ni ya aliyepanga na kugharamia kurekodi. Kwa hiyo, kabla hamjatoka studio, jazeni karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, asilimia ya kila mtu katika utunzi, kisha katika rekodi. Kila upande ujumlike kuwa 100. Wote watie sahihi. Mpiga gitaa aliyebuni ule mwanzo unaoinua watu vitini naye ahesabiwe. Mkimnyima, bendi imeanza kuvunjika hata kama bado mnafanya mazoezi pamoja. Hakimiliki huanza wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, ila kuusajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kunawapa ushahidi. Hapo hapo KECOBO ulizeni ni chama gani cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo zinapotumika, kina leseni mwaka huu, maana leseni hizo hubadilika.

Jina la bendi nalo lina mwenyewe. Lisajilini kama alama ya biashara kule KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama hizo, daraja la 41, ambalo ni la burudani. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Msiliandikishe kwa jina la mtu mmoja, hata awe mwanzilishi. Siku akihama atahama nalo. Andikisheni kampuni au ubia kwanza, jina liwe mali yake.

Pesa za shoo zigawanywe usiku ule ule, wote wakiona. Tuseme mmelipwa 40,000 Nakuru. Toeni nauli, chakula na vyombo vya kukodi, tuseme 10,000. Zilizobaki 30,000, kama mko watano, zigaweni mafungu sita ya 5,000. Fungu la sita ni la bendi: nyuzi, ngozi za dramu, studio. Bila hilo fungu, kila waya ukikatika mnaanza kuchangishana na kununiana. Na msipande matatu kabla promota hajatuma nusu ya malipo; nusu nyingine iingie kabla ya kupanda jukwaani.

Mwisho, msikubali studio iwape MP3 peke yake. Dai kila chombo na kila sauti kwenye faili lake la WAV, yaani sauti kamili isiyobanwa kama MP3, la ubora wa biti 24. Mwimbaji akiondoka, mwenzake anaingiza sauti juu ya muziki ule ule bila kurekodi upya gitaa na besi. Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili tofauti.