Mchezaji akilalamika klasi yake mbovu, fungua daftari kwanza

Wadau wa gemu za mezani, hii nawaandikia nyie mnaotengeneza gemu zenu wenyewe, au mnaoendesha D&D (Dungeons and Dragons, gemu ya kuigiza stori kwa dadu) alafu mnaongezea klasi za kwenu, yaani aina za wahusika na uwezo wao. Sisi tunakutana Sinza jumamosi jioni, gemu yetu ni ya pwani ya zamani, Kilwa na visiwa vyake, kuna Askari, Mganga, Mwindaji na Nahodha, na kazi ngumu kuliko zote ni kuzibalansi hizo klasi.

Mi naamini hivi, mchezaji ni kama mgonjwa, panapouma anapajua yeye na usimbishie, ila dawa usimwachie achague maana kila mtu atakwambia niongezee demeji, yaani pigo lake limuumize adui zaidi.

Chukua Mwindaji. Jamaa anayemcheza kila tukimaliza analalamika klasi yake nyonge, anataka mshale upewe dadu kubwa zaidi. Sa mi nina daftari, naandika kila zamu nani kafanya nini, kapata au kakosa, demeji ngapi. Kupiga hesabu, kwenye mapigano yuko sawa kabisa na Askari! Tatizo lilikuwa kwenye kurasa ambazo jina lake halipo, yaani stori ikiingia mjini, sokoni au barazani kwa sultani, hana cha kufanya kwa sababu uwezo wake wote tuliuandika wa porini. Tukamruhusu afuatilie nyayo hata mitaani na adake tetesi za bandarini, mshale hatukuugusa, na malalamiko yakaisha. D&D wenyewe walipita humohumo, Ranger, yaani mwindaji wao, wa toleo la 2014 alisemwa sana, na moja ya sababu ni uwezo uliofungwa kwenye aina fulani ya mazingira, mpaka 2016 wakatoa Ranger wa majaribio wakaomba watu wajaze dodoso.

Kitu kingine angalia siku ya kwenye gemu ina mapigano mangapi, hapa ndo wengi wanapunguza makali ya klasi isiyo na kosa. Askari anarusha dadu la pande 8 anajumlisha 3, wastani 7.5, akiwa anapata mara 6 kati ya 10 basi kila zamu ni 4.5. Mganga ana moto wake mmoja kwa siku, haurudi mpaka mlale, dadu 8 za pande 6, wastani 28. Pigano moja la zamu 4 alafu mkalala, Askari ana 18 na Mganga kashamzidi kwa zamu moja tu. Ila mkipigana mara 5 kabla ya kulala Askari anafika 90. Klasi ni zilezile, kilichobadilika ni usingizi, kwaiyo kabla hujagusa namba za Mganga mbane kwanza mwongoza gemu asiwalaze watu kila baada ya ugomvi.

Na msihukumu kwa usiku mmoja. Dadu la pande 20 ukilirusha mara 10, uwezekano wa kuiona 20 walau mara moja ni kama asilimia 40, sasa Nahodha akiipata akamwangusha bosi, yaani adui mkuu, grupu la WhatsApp linawaka moto voisi noti kibao eti Nahodha kazidi, asee subirini wiki kadhaa.

Alafu kuna huu upole wetu. Ukimuuliza mtu uso kwa uso gemu ikoje, atakwambia iko poa kaka, kwa sababu kala ubwabwa wako na hataki kukuvunja moyo. Mi natuma fomu isiyo na jina usikuleule watu wakiwa kwenye daladala, na siulizi kama wameipenda, nauliza zamu gani ulikaa huna la kufanya, na kitu gani ulitaka kufanya klasi yako ikakukatalia. Majibu ya hayo maswali mawili yananisaidia kuliko nyota tano. Na aliyeacha kuja mpigie simu umuulize hayohayo, maana yule hata kwenye grupu huwa halalamiki, anapotea tu kimyakimya na klasi yake.