Mashine ya lebo: angalia utepe kwanza

Umeuliza ununue mashine gani ya mkononi ya kuchapa lebo za makopo ya jikoni na mafaili. Mimi ningeangalia utepe, yaani ule ukanda wa kunata unaochapwa lebo, kabla ya mashine, maana hela inaishia huko. Lebo za karatasi zinazochapwa kwa joto pekee hufifia zikikaa karibu na jiko au juani. Kwa jikoni chukua utepe wenye tabaka la plastiki juu, upana wa milimita 12.

Mashine nyingi huacha nafasi tupu mwanzoni mwa kila lebo, utepe unapotea bure. Punguza pambizo kwenye mipangilio, au chapa majina kadhaa kwa mkupuo mmoja kisha ukate kwa mkasi.

Kabla ya kubandika, futa mafuta kwa spiriti, kopo likauke. Na bandika ubavuni, si kwenye kifuniko, vifuniko huhamahama.