Maswali na majibu: Treni ya mjini Lubumbashi juu ya reli ya SNCC, kazi ianzie wapi?

Swali: Jambo sana, papa enjenia. Niko Kampemba, katika kamati ya kwartie yetu. Kila mara tunasikia kwamba Lubumbashi itapata treni ya abiria ya mjini. Wengine wanasema reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, ni nyembamba mno, lazima ing'olewe na kujengwa pana. Wengine wanasema reli si iko, yanunuliwe mabehewa tu na kazi ianze. Nani anasema kweli? Na kupeleka tawi jipya hadi Ruashi ni kazi ya namna gani?

Jibu: Jambo, ndugu yetu. Pande zote mbili zinakosea, ila wa kwanza wanakosea kwa gharama kubwa zaidi.

Upana wa reli yetu, yaani nafasi kati ya vyuma viwili, ni milimita 1,067, tangu ilipofika Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwaka 1910. Treni za mzunguko wa Yamanote mjini Tokyo, zenye mabehewa 11, zinatembea juu ya upana huohuo. Brisbane, Australia, ina upana huo na umeme wa kilovolti 25, hezi 50, yaani aina ileile iliyotandikwa kati ya Lubumbashi na Likasi. Kwa mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa, ambao ndio unaotosha mjini, upana si kizuizi. Ukiibadilisha, utautenga mji na mtandao mzima wa nchi na wa Zambia, halafu utalazimika kujenga njia nyingine kwa ajili ya shaba. Hoja hiyo iwekeni kando.

Kizuizi chenyewe ni kwamba treni mbili zinazotazamana haziwezi kupita katika njia moja. Hapa ndipo wa "mabehewa tu" wanapoanguka.

Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 12. Treni inayosimama kila kituo huenda wastani wa kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo safari nzima ni dakika 24. Mkitaka treni ipite kila dakika 30 kila upande, treni za pande mbili zitakutana kila baada ya dakika 15, nusu ya muda huo. Kwa hiyo muda wa kuvuka kipande kirefu kuliko vyote kisicho na mahali pa kupishana, ukijumlisha dakika kama 3 za kuhakikisha njia iko wazi, kubadili reli na kumpa dereva ruhusa, usizidi dakika 15. Njia ya kupishania (kipande cha njia ya pili kando ya njia kuu) ikiwa katikati kabisa, kila kipande ni kilomita 6: dakika 12 na 3, jumla 15. Inaingia, lakini kwa shida. Ikijengwa kilomita 8 kutoka mwanzo kwa sababu huko kiwanja kilipatikana kwa urahisi, kipande kirefu kinakuwa cha dakika 16 na 3, na ratiba ya dakika 30 imekufa kabla ya treni ya kwanza kuondoka. Ndiyo maana mahali pa kupishania huchaguliwa na ratiba, si na mwenye kiwanja.

Kila dakika 20? Kila kipande kinapaswa kuvukwa kwa dakika 7, kama kilomita 3.5, kwa hiyo mnahitaji njia tatu za kupishania, na kila kupishana huongeza dakika za kusubiri hadi safari yenyewe inarefuka. Kila dakika 10? Kinabaki kipande cha kilomita 1. Hapo msipoteze fedha kwa njia za kupishania. Jengeni njia mbili mwanzo hadi mwisho.

Kuna ugonjwa mwingine wa njia moja: treni iliyochelewa dakika 5 inamchelewesha na mwenzake anayeisubiri, naye anamchelewesha wa tatu. Dawa ni kurefusha njia ya kupishania hadi kilomita 1.5 au 2, treni zipishane zikiwa zinatembea. Ni ghali, lakini mimi ningeanza na moja ndefu kuliko mbili fupi. Na kama treni ya mizigo nayo itaingia humo, pimeni vizuri: mabehewa 25 ya mita 14 ni mita 350, ongeza vichwa viwili, unafika karibu mita 390. Nafasi ya kusimama isipungue mita 450, la sivyo mkia utabaki umefunga njia kuu.

Kwa vifaa, kilomita moja ya njia mpya inakula takriban hivi: tani 100 za reli ya kilo 50 kwa mita, mataruma 1,600 (yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba) yaliyopangwa kila sentimita 62.5, vibanio 6,400, na kokoto mita za ujazo kama 1,400, unene wa sentimita 25 chini ya taruma. Kokoto iwe ya mwamba mgumu uliopondwa, yenye kingo kali, milimita 25 hadi 50. Mawe ya mviringo ya mtoni hayashikani. Mabaki ya tanuri ya shaba yanayovutia macho ya kila mtu hapa mjini yasitumike bila kupimwa maabara, kwa sababu ya vumbi la metali na ya chuma kilichomo.

Lakini reli iliyopo ikizama, mara nyingi kosa si la reli, ni la maji. Mvua za Novemba hadi Aprili zinageuza udongo mwekundu kuwa uji. Kila gurudumu likipita, tope linapanda ndani ya kokoto, taruma linaanza kucheza, na mwendo unashushwa hadi kilomita 15 kwa saa. Kumwaga kokoto mpya juu ya tope ni kununua msimu mmoja tu. Kwanza chimbueni mitaro ya pande zote mbili (mifuko ya plastiki ndiyo adui wake mkubwa), toeni kokoto iliyochafuka, ndipo mweke mpya na kushindilia. Kazi hiyo ni ya Mei hadi Septemba.

Mkiunganisha reli kwa kuichomea iwe ndefu bila viungo, angalieni joto. Reli ya kilo 50 iliyofungwa isirefuke hujisukuma kwa nguvu ya kama tani 1.5 kwa kila digrii. Ikifungwa asubuhi ya Juni ikiwa na digrii 12, kisha jua la Oktoba likaipandisha hadi 52, ni tani 60 kwa reli moja, na njia inapinda kama nyoka. Fundi huivuta kwa jeki kabla ya kuifunga: kwa tofauti ya digrii 20, milimita 23 kwa kila mita 100. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa kazi ikiwa na haraka.

Mahali barabara inapokata reli ni siasa kuliko ufundi. Kila treni hufunga barabara kama dakika moja na nusu. Kwa treni nne kwa saa, pande zote zikihesabiwa, ni dakika 6. Malori ya shaba yatavumilia. Kwa treni 12 ni dakika 18 katika kila saa, na hapo daraja au njia ya chini ya reli linakuwa lazima kwenye barabara kubwa. Waya wa umeme nao uwe juu ya kutosha kwa lori refu kuliko yote, pamoja na nafasi ya usalama.

Ishara: mkiwa na mataruma ya chuma yasiyotengwa na reli kwa vihami vya umeme, mfumo unaotambua treni kwa mkondo wa umeme ndani ya reli haufanyi kazi, maana chuma kinaunganisha reli mbili. Tumieni vihesabio vya ekseli (vinavyohesabu ekseli za treni zinapoingia na kutoka katika kipande), na mawasiliano yapite kwenye nyuzi za kioo, zisizo na shaba ya kuuza. Katika mji huu sina haja ya kueleza kwa nini.

Sasa treni zenyewe. Katika mfano wetu treni inafika mwisho wa njia ikiwa imebakiza dakika 5 au 6 kabla ya zamu ya kurudi. Yenye chumba cha dereva pande zote mbili, dereva wa pili akiwa anangoja, inageuka: treni 2 zinatosha ratiba nzima. Inayovutwa na kichwa kimoja inahitaji dakika 15 hadi 20 za kukizungusha, inakosa zamu kila mwisho, na ratiba hiyohiyo inadai treni 4. Juu yake ongezeni moja ya akiba, siku zote, na vipuri vya miaka mitatu ndani ya mkataba. Addis Ababa ilifungua reli yake ya mjini mwaka 2015, na baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Kwa upande mwingine, Dar es Salaam ilianza treni za abiria mwaka 2012 juu ya reli zilizokuwepo, Reli ya Kati na ile ya TAZARA inayokwenda Zambia, bila kungoja mpya.

Msijidanganye kuhusu idadi. Treni ya mabehewa manne hubeba watu kama 650. Mbili kwa saa ni 1,300 kila upande, sawa na taxi-bus 72 za watu 18. Inasaidia, lakini si metro. Majukwaa yajengwe mita 120 tangu mwanzo ingawa treni ni ya mita 80, kwa sababu kurefusha jukwaa lenye abiria ni adha.

Tawi la Ruashi ningeliweka mwisho. Linahitaji ukanda wa mita 15 hadi 20 usio na nyumba, mwinuko usiozidi mita 15 kwa kila mita 1,000, na kona zisizopungua nusu kipenyo cha mita 200. Hayo yanapatikana. Tatizo liko mahali tawi linapoungana na njia kuu: likiungana kwenye kipande cha njia moja, kila treni ya Ruashi itaiba zamu ya treni nyingine, na njia nzima itapungua uwezo badala ya kuongezeka. Liungane ndani ya stesheni, au kwenye ile njia ndefu ya kupishania. Mradi ukifika kwenye kamati yenu, ombeni kwanza mchoro wa ratiba, ule wenye mistari ya treni inayokatana. Tazameni mistari inakatana wapi, kisha muulize kama hapo pana njia mbili.