Je, Kulabu ya Babu Ni Historia?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 23, mzaliwa wa Majengo hapa Mombasa, na mwaka huu nimehitimu stashahada ya uuguzi. Nimelelewa na nyanya yangu, ambaye amekuwa akikaanga mahamri barazani tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nikakaa mwaka mzima nikikanda unga alfajiri na kupeleka mahamri kwenye vibanda vya chai, hadi akina mama wa mchezo, ule wa kuchanga fedha na kupokezana kwa zamu, walipompa nyanya zamu ya kwanza, nikarudi darasani. Sasa shule hiyo hiyo imenialika nizungumze na wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu historia yangu na mafanikio yangu.

Yananitatiza mambo matatu. La kwanza, mjomba amenikataza kutaja habari za karo na mahamri, kwa kuwa mambo ya nyumbani ni sitara na hayaanikwi mbele ya watoto wa watu. La pili ni hilo neno “historia”. Tulipokuwa shuleni tulipelekwa Ngome ya Yesu, tukaonyeshwa mizinga na vyombo vya Kichina, nami nikatoka bila kuona kitu kilichonikumbusha kwetu. Babake nyanya alikuwa kuli bandarini, na nyanya husema kwamba alikuwa miongoni mwa waliogoma mwaka 1947. Kitu pekee cha babu tulichobaki nacho ni kulabu yake ya kushikia magunia, iliyopigiliwa nyuma ya mlango wa jikoni, na nyanya hutundika chekecheke lake hapo. Je, hiyo ni historia, au ni masimulizi ya nyumbani tu?

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Watu hunitolea mfano wakisema kwamba mwenye bidii hashindwi na umaskini. Mwaka ule tulirudishwa wasichana watatu kwa siku moja, na wale wenzangu wawili hawakurudi tena shuleni. Hawakuwa wavivu, na mmoja wao alikuwa akinishinda katika hisabati. Nisimame niseme nini?

Msomaji, Majengo

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa stashahada yako. Niruhusu nianze na lile swali la pili, kwa sababu hayo mengine mawili yamelala ndani yake.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Januari 1947, makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, watu wapatao 15,000, hawakwenda kazini. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda, vyumba vya kupanga vilikuwa haba na ghali, na mishahara ilikuwa imeachwa nyuma. Na kibarua wa kutwa wa bandarini alilala bila kujua kama kesho yake angeitwa kazini au angerudi na mikono mitupu. Kwa muda wa siku 12 kazi za mji zilisimama. Wagomaji walikuwa wakikusanyika katika uwanja uliojulikana kwa jina la Kiwanja cha Maskini, na katika siku hizo wakawa na chama chao cha wafanyakazi. Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikuja kutoka Nairobi akawasihi warejee kazini ili malalamiko yao yasikizwe, nao wakarejea. Baraza la usuluhishi lililoundwa baadaye likawapa nyongeza. Chege Kibachia, kijana aliyekuwa kiongozi wa chama, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo na kuhamishiwa Baringo, mbali na bandari na watu wake.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu makusudi, kwa kuwa mimi mwenyewe nililifundisha kwa miaka mingi kwa mistari miwili ubaoni, kisha nikaendelea na mada nyingine, na hilo najutia. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa mbele yangu hapakukosa vijukuu vya watu wale, nami sikuwauliza hata mara moja.

Kwa hiyo kulabu ile ni historia, na haihitaji kibali cha mtu kuwa hivyo. Itazame Ngome yenyewe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na jina la mchoraji wa ramani yake, Cairati, limehifadhiwa hadi leo, lakini waliochonga na kubeba mawe ya matumbawe hatuwajui kwa majina. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu, na Waingereza wakaigeuza gereza tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958, muda unaozidi miaka 60, ambamo wenyeji wa mji huu waliijua Ngome kama mahali pa kufungiwa watu. Ulipoingia humo na darasa lako ulikuwa unapita walipolala wafungwa. Kama hukuona kitu cha kwenu, si kwamba watu wa kwenu hawakupita pale.

Kinachobaki ni kile ambacho mtu alijitaabisha kukiandika. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa mji huu, alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikabaki katika vinywa vya watu. Nusu karne baadaye Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmishonari Taylor, alizikusanya na kuzitia maandishini, na lau si kazi hiyo nyingi zingezikwa pamoja na wazee waliozihifadhi. Nyanya yako ni hazina ya namna hiyo, nawe una simu inayorekodi sauti.

Hata hivyo, sitaki uyachukue masimulizi yake vivi hivi, maana masimulizi yasiyopimwa hubaki kuwa fahari ya ukoo tu. Muulize kwanza jina kamili la babake na kijiji alichotoka kabla ya kuja kutafuta kazi Mombasa. Muulize alikuwa kuli wa kuajiriwa au kibarua wa kutwa, kwa sababu maisha ya wawili hao hayakuwa sawa. Muulize katika zile siku 12 zisizo na ujira nyumba ililishwa na nani. Mara nyingi jibu la swali hili ni jina la mwanamke, na ndilo jina ambalo wanahistoria hawakulipata. Yaelekea nyanya mwenyewe wakati huo alikuwa hajazaliwa au alikuwa mchanga sana, kwa hiyo mwombe akutenganishie aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia kwa babake. Kisha uyalinganishe na magazeti ya wakati ule, kama vile Mombasa Times ya Januari 1947, na kumbukumbu zilizomo katika Nyaraka za Taifa. Yakilingana, utafurahi, yakihitilafiana, ziandike kauli zote mbili.

Nije kwa mjomba wako. Simlaumu, na nakuomba nawe usimlaumu, kwa sababu sitara ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyorithi hapa pwani, na mtu aliyekulia katika dhiki hujua jinsi inavyouma kuhurumiwa na asiyehusika. Lakini sitara ina mwenyewe. Mahamri na baraza ni vya nyanya, basi yeye ndiye wa kuombwa ruhusa: akikukatalia, nyamaza, akikubali, mjomba hana la kuongeza. Mwaka uliokaa nje ya darasa, usingizi wa alfajiri ulioukosa, na ile siku ya kurudi ukawakuta wenzako wamekupita, hivyo ni vyako wewe na unaweza kuvisema bila idhini ya mtu. Jambo moja zaidi mfikishie mjomba kwa adabu. Wale wagomaji wa mwaka 1947 walikusanyika hadharani, mchana, katika uwanja uitwao Kiwanja cha Maskini, wakautangaza ujira wao mdogo mbele ya serikali na matajiri wa mji, na heshima yao haikupungua. Lau wangeuficha umaskini wao kila mmoja chumbani mwake, wasingepata hata senti.

Hapo ndipo nilipo na neno kuhusu hilo jambo la tatu. Katika barua yako umesema kwa nusu sentensi tu kwamba akina mama wa mchezo walimpa nyanya zamu ya kwanza. Mwanangu, kisa chenyewe kiko hapo. Tunaocheza mchezo tunajua kwamba zamu ya kwanza hutamaniwa na kila mtu, na kwamba anayeiachia hungoja miezi mingi akiendelea kutoa fedha zake bila kupokea. Yupo mama mmoja katika mtaa wenu ambaye pengine alikuwa na karo ya mwanawe, au kodi ya nyumba, au paa linalovuja, akasema nyanya yako atangulie. Ulimjua ni nani? Kama hukumjua, mtafute, kwa kuwa hotuba yoyote isiyomtaja itawadanganya watoto wale hata kama kila neno lake ni kweli. Bidii ulikuwa nayo, na wale wenzako wawili walikuwa nayo pia. Tofauti ni kwamba wewe ulipata wa kukuachia zamu. Anayesema kwamba mwenye bidii hashindwi na umaskini anawahukumu wasichana wawili asiowajua, nawe una haki, tena una wajibu, wa kumkatalia.

Usiwataje kwa majina mbele ya wanafunzi, maana nao wana sitara yao. Lakini nenda ukawaone kabla ya siku hiyo, na usiende mikono mitupu wala usiende kama mgeni wa heshima. Waeleze kwamba mtu mzima anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, na yule aliyekushinda hisabati mwambie kwamba hujasahau. Wasikilize kwanza, kisha uketi kuiandika hotuba.